Mama yetu sote katokea Tanzania, ila kashuka na meli

Leo nina hasira, na hasira yenyewe si ya bumu kuchelewa (hiyo tumeshaizoea, tunakula maharage kwa imani). Ni hasira ya televisheni. Tangu semista ianze kuna flashi inazunguka hosteli, ina misimu yote minne ya Battlestar Galactica, ile mpya, si ile ya 1978, na kila chumba inachopita inaacha watu wenye macho mekundu kwenye kipindi cha saa moja asubuhi. Imefika kwetu, tumeimaliza, na sasa kila nikikaa kimbweteni naulizwa, "Vipi, ile ya mwisho umeionaje?" Kujibu mmoja mmoja nimechoka. Nasema hapa mara moja, asomaye na asome. Kama hujafika mwisho funga ukurasa huu sasa hivi, maana namwaga kila kitu mpaka jina la nchi.

Msimamo wangu ni huu: "Daybreak", episodi ya mwisho iliyorushwa Marekani Machi 2009, ni dharau iliyofungwa kwenye karatasi ya zawadi. Tena zawadi yenyewe imeandikwa jina letu.

Tuanze kwa haki lakini. Sisemi tamthilia ni mbaya. Ingekuwa mbaya nisingepoteza usingizi wangu. Kwa ambao hamjaiona: binadamu wanaishi kwenye sayari kumi na mbili huko mbali, wametengeneza roboti wanaoitwa Cylon, roboti wakaasi, wakapotea miaka mingi, kisha wakarudi wengine wakiwa na sura za watu kabisa, wanapenda, wanalia, wanasali. Wakapiga mabomu sayari zote. Wakabaki watu kama elfu hamsini kwenye kundi la meli za anga, wakilindwa na manowari moja kuukuu, Galactica, chini ya mzee Adama. Rais wao ni Laura Roslin, aliyekuwa waziri wa elimu na wa 43 katika mstari wa kurithi urais. Arobaini na wawili waliomtangulia wamekufa wote! Hapo tu nilishakaa sawa kitandani. Na episodi ya kwanza, "33", ambayo Cylon wanatokea kila baada ya dakika 33 na watu hawajalala siku tano, ilipata tuzo ya Hugo mwaka 2005, na ilistahili. Yeyote aliyewahi kupita wiki ya mitihani hapa chuoni ataielewa ile episodi kuliko hata walioiandika.

Kwa hiyo naongea kama mpenzi aliyeumizwa. Msije na ile ya "kama hupendi usiangalie". Nimeangalia yote kwa sababu napenda.

Sasa mwisho wenyewe. Baada ya vita kubwa Galactica inaruka kwa namba alizozitoa Starbuck kwenye noti za wimbo, na inatokea karibu na mwezi. Nyuma ya mwezi kuna sayari ya bluu, na bara linaloonekana ni Afrika, haina mjadala. Wanashuka. Nyasi mpaka upeo wa macho, swala wanakimbia. Adama anampakia Roslin, ambaye kansa imeshammaliza, kwenye chombo kidogo, wanaruka chini chini na kundi kubwa la heroe linapaa chini yao, waridi tupu. Rumeti wangu, ambaye hajawahi kulia hata siku ya matokeo ya fizikia, alijifanya anatafuta kitu chini ya kitanda. Picha zilipigwa Kanada, lakini anayejua Ziwa Natron, kule ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki karibu wote wanazaliana, alijua tupo wapi.

Kisha yanaruka maandishi: miaka 150,000 baadaye. Tupo New York, katikati ya taa na matangazo. Jamaa anasoma jarida (huyo jamaa ni Ronald D. Moore mwenyewe, aliyeiandika episodi), na malaika wawili, au sijui ni nini wale, wanachungulia begani kwake. Habari inasema wanasayansi wamepata mabaki ya msichana aliyeishi miaka 150,000 iliyopita, anayedhaniwa kuwa Hawa wa mitokondria, mama wa binadamu wote walio hai. Amepatikana wapi? Tanzania.

Chumba kizima kililipuka. Tulikuwa kumi na mmoja kwenye chumba cha watu wanne, laptopu moja juu ya ndoo, na watu walipiga makofi kama Taifa Stars imefunga dakika ya tisini. Tumetajwa! Kwenye muvi ya anga! Na si kama mahali pa kupiga picha simba, bali kama nyumbani kwa mama wa dunia. Mimi nilikuwa natafuna ubuyu na nikauliza swali moja tu lililoharibu sherehe: huyo mama ni nani?

Ni Hera. Yule mtoto wa Helo na Athena. Baba binadamu wa sayari ya mbali, mama Cylon, namba Nane, aliyetengenezwa. Yaani jarida linasema Tanzania, ila mama mwenyewe kashuka na meli.

Sasa hapa nawaomba wenzangu wa sanaa mvumilie dakika mbili za baiolojia, kwa sababu utamu wa dharau uko humu. Ndani ya seli zetu kuna mitokondria, vile vijitambo vya nishati, na vina vinasaba vyake pekee. Vinasaba hivyo unavipata kwa mama yako. Baba hakupi. Mama yako kavipata kwa mama yake, naye kwa mama yake. Waluguru na Wamakonde na wote ambao ukoo umehesabiwa kwa mama wataelewa upesi kuliko Mchaga. Mwanamke aliyezaa wavulana watupu, mstari wake wa mitokondria unaishia hapo hata kama ana wajukuu mia. Ukirudi nyuma vya kutosha, mistari yote ya leo inakutana kwa mwanamke mmoja. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichapisha hesabu hiyo kwenye jarida la Nature, wakasema mwanamke huyo aliishi miaka kama 200,000 iliyopita, na inaelekea ni Afrika. Magazeti yakambatiza Hawa. Jina baya kweli, kwa sababu hakuwa mwanamke wa kwanza wala hakuwa peke yake. Alikuwa na majirani, mashoga, na labda mke mwenza. Mistari ya wale wengine ndiyo iliyokatika kidogo kidogo.

Shikilieni hapo. Ukisema Hawa wa mitokondria ni Hera, umesema kwamba wanawake wote waliokuwa wanaishi kwenye lile bonde kabla meli hazijashuka, mama kwa mama, mstari wao umefutika. Wote. Hakuna binti hata mmoja wa binti zao aliyefika leo. Na si bonde lile tu, ni Afrika nzima na dunia nzima. Kila mama lishe wa Tandale, kila bibi anayeuza karanga pale stendi, kwa mstari wa kikeni ni mjukuu wa mgeni. Tumepewa jina la nchi kwenye jarida, tukanyang'anywa mama. Na hapo ndipo makofi yalipopigwa.

Rumeti wangu (anasoma uhandisi, kwa hiyo namwita Enjinia) akasema, "Wewe nawe, ni stori tu." Sawa, ni stori. Lakini stori hii haikumaliza kwa malaika na moshi. Imemaliza kwa jarida la sayansi, kwa neno la sayansi, kwa mwaka na nchi. Ukiazima koti la mtu ili uonekane nadhifu, usikasirike mwenye koti akikuuliza habari za mfuko wake. Na koti lenyewe halikutoshi. Kwanza, Hawa wa mitokondria hawezi kupatikana kwa kuchimba. Ni hesabu kwenye mti wa ukoo. Hakuna mfupa unaoweza kuwa na kibandiko "huyu ndiye". Hata kumtaja nchi kumewashinda wenyewe: mwaka 2019 kundi la watafiti lilidai chimbuko la mistari yetu ni kaskazini mwa Botswana, wakapingwa na wenzao vibaya sana.

Pili, na hili ndilo lililomnyamazisha Enjinia kwa kama dakika tatu. Mitokondria zetu haziko peke yake duniani. Zinafanana na za binadamu wa Neanderthal, ambao waliachana nasi miaka laki kadhaa kabla ya Hera, na ukienda nyuma zaidi zinafanana na za sokwe wa Gombe, ambao tuliachana nao mamilioni ya miaka iliyopita. Ni mti mmoja. Kama mitokondria zetu zililetwa na mtoto wa Cylon kutoka sayari nyingine, sokwe wa Gombe kazipata wapi zake? Naye alishuka na Galactica? Akiwa kwenye stoo? Enjinia alipopata nguvu akasema, "Mungu ndiye kapanga." Na kweli tamthilia inasema hivyo, mzee Adama anashangaa inakuwaje binadamu wachipuke wenyewe kwenye sayari mbili mbali hivi, na Baltar anajibu kwamba mkono wa Mungu umo. Basi mimi sina ugomvi na Mungu. Lakini kama ni Mungu, jarida la nini?

Tuache vinasaba. Tuje kwa watu.

Watu wapo. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Adama na wenzake wamelala kwenye nyasi na darubini, wanaangalia kundi la watu wanaopita chini, wamebeba mikuki. Wanawajadili. Dokta Cottle, yule anayevuta sigara kama garimoshi la zamani, anasema vipimo vinaonyesha tunaweza kuzaa nao. Inasemwa kwamba hawajafika hata kwenye lugha ya maneno, na jibu la Lee Adama ni kwamba hiyo tunaweza kuwapa. Tunaweza kuwapa! Mtu yuko mita mia kadhaa, hujamsikia hata akipiga chafya, umeshaamua hana lugha na umeshapanga kumgawia yako.

Na ndiyo mwisho wao. Hakuna uso hata mmoja uliosogezwa karibu. Hakuna anayegeuka. Hakuna mtoto anayemwona Hera. Wanapita kwenye darubini kama wanyama wa Serengeti kwenye kamera ya mtalii, kisha tunarudi kwa wenye majina. Katika episodi hiyohiyo kuna kumbukumbu za nyuma za Lee akiwa amelewa, anafukuza njiwa aliyeingia ndani kwa ufagio. Njiwa yule anapigwa picha ya karibu. Njiwa anarudishwa mara ya pili. Njiwa kapewa heshima ambayo binadamu pekee wa asili wa sayari hii hawakupewa.

Mtasema walikuwa miaka 150,000 iliyopita, walikuwa washamba kweli. Hapana jamani. Ngaloba, kule Laetoli, fuvu lilipatikana mwaka 1976, umri wake unakadiriwa miaka kama 120,000, na ni mtu wa aina yetu au karibu kabisa na sisi. Herto, Ethiopia, miaka 160,000. Omo Kibish, hukohuko Ethiopia, walidhani 195,000, mwaka 2022 wakapima upya na kukuta si chini ya 230,000. Jebel Irhoud, Moroko, kama 300,000. Na Olorgesailie, Kenya, pale njia ya kwenda Magadi, mwaka 2018 wanasayansi walieleza kwamba miaka kama 300,000 iliyopita watu walikuwa wanatumia mawe meusi ya kioo cha volkano yaliyotoka makumi ya kilomita mbali, na walikuwa na rangi nyekundu na nyeusi walizozikwangua wenyewe. Mtu anayepata jiwe zuri kutoka kilomita hamsini kalitembelea mwenyewe au kabadilishana na jirani. Na kubadilishana bila neno hata moja ni kazi, muulizeni yeyote aliyewahi kununua viatu Karume. Hakuna anayeweza kuthibitisha walisema nini, maneno hayaachi mifupa. Lakini ukiniambia watu hao walikuwa bubu wakisubiri meli, nakuomba ushahidi.

Wimbo huu nao si mpya, wanahistoria wenzangu wa mwaka wa pili wataniunga mkono. Great Zimbabwe wazungu walisema imejengwa na Wafoinike, au na Malkia wa Sheba, au na yeyote yule mradi asiwe Mwafrika, mpaka Gertrude Caton-Thompson akachimba mwaka 1929 na kusema ni ya Waafrika. Na bado serikali ya walowezi wa Rhodesia haikupenda kusikia hilo. Kilwa nayo ilihesabiwa miaka mingi kuwa mji wa wageni watupu. Kisha mwaka 1968 akaja Erich von Däniken na kitabu chake, akisema watu wa kale walisaidiwa na wageni kutoka angani. Battlestar ya 1978 ilikunywa kisima hichohicho, hata utangulizi wake ulisema kuna wanaoamini uhai wa hapa ulianzia huko juu, ukataja Wamisri na piramidi. Moore alibadilisha kila kitu cha ile ya zamani. Akafanya Starbuck mwanamke, akafanya roboti watu, akatia siasa na dini na mateso ya wafungwa. Hiki kimoja tu akakiacha kama kilivyo, na akakihamishia Tanzania.

Haya, ngoja niingie kwenye lile la teknolojia, ambalo nusu ya hosteli inalipenda. Watu kama 38,000 wamefika. Lee anasema tusijenge mji. Tuache meli, tuache mashine, tuache silaha, tuanze upya, maana akili zetu siku zote zimekimbia mbele ya roho zetu. Muziki mzuri unapigwa (Bear McCreary, huyo simgusi, mnyooshee kidole yeyote ila yeye). Meli zote zinaongozwa na Anders kwenda kuungua kwenye jua. Rais mpya, Lampkin, anasema anashangaa jinsi watu walivyokubali kirahisi. Hata mimi nashangaa! Hawa ndio watu waliogombana misimu minne kuhusu maji, mafuta, kura, mgomo wa wafanyakazi, nani awe rais. Leo wameambiwa watupe dawa za watoto wao na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kuuliza swali. Kwenye mkutano wa wanafunzi hapa hatuwezi kukubaliana kuhusu saa ya kufunga geti.

Mawazo ya Lee ni mawazo ya mtu ambaye hajawahi kuchota maji. Dada mmoja wa chumba cha pili, kakulia Kondoa, aliangalia sehemu ile akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema, "Huyu kaka apewe jembe moja, na mvua zikatae mwaka mmoja, ndipo aongee habari za roho." Watu wa meli, waliozaliwa kwenye lami na taa, wanatawanywa mabara yote kwa mafungu madogo madogo, kila fungu na mizigo yake mgongoni. Sisi nchi hii tunajua kidogo habari za kuhamisha watu kwa nia njema. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilikuwa na wataalamu, malori, na ramani, na watu walipelekwa sehemu za nchi yao wenyewe, na bado wazee wakikusimulia hawamalizi. Ile ya Lee haina hata chandarua. Malaria ilikuwapo, ndorobo walikuwapo, fisi walikuwapo. Kiangazi cha kwanza tu ni nani angekuwa mwalimu na nani mwanafunzi? Wale waliokuwa kwenye darubini ndio wanaojua mzizi upi una maji na tunda lipi linaua. Hilo nalo lingekuwa stori nzuri kweli, wenye manowari wanaomba chakula kwa wanaodaiwa hawana lugha. Hatukuonyeshwa.

Na hesabu inakataa pia. Lee anasema tutawapa kilicho bora kwetu. Vizuri. Watu 38,000 wanaojua kusoma, kuandika, kuhesabu, kunawa mikono kabla ya kuzalisha. Kilimo kimeanza duniani miaka kama 12,000 iliyopita. Maandishi, miaka elfu tano na kidogo. Kwa hiyo kile kilicho bora kilikaa wapi kwa miaka zaidi ya 130,000? Baltar alikuwa analia kwamba anajua kulima, kalima nini? Ama walikufa wote haraka, na hiyo ni maangamizi ya pili yaliyopigiwa muziki wa furaha, ama walikaa na maarifa yao wakanyamaza mpaka yakaoza. Kilichobaki ni tumbo la uzazi la Hera peke yake. Hiyo ndiyo "bora yetu".

Enjinia ana hoja moja ninayoiheshimu, niiweke hapa asije akasema nimemwonea. Anasema maana ya mwisho ule ni kwamba sisi sote, Mmarekani na Mtanzania, ni mchanganyiko wa binadamu na mashine, kwa hiyo hakuna aliye safi na hakuna adui. Misimu minne watu walibaguana damu, mwisho damu ikawa moja. Ni hoja nzuri. Ila huo mchanganyiko una pande tatu, si mbili. Kuna wa sayari za mbali, kuna Cylon, na kuna wenyeji. Wawili wa kwanza wana majina, wana dhambi, wana mapenzi, wamepata misimu minne ya kujieleza. Wa tatu ni wale wa kuzaa nao. Udugu gani huo ambao ndugu mmoja hajui hata kama kuna kikao?

Na msiniambie kwamba televisheni ya anga haiwezi zaidi ya hapo, kwa sababu inaweza, na Moore anajua. Alikuwa miongoni mwa waandishi wa Star Trek: The Next Generation mwaka 1991 ilipotoka "Darmok" (si yeye aliyeiandika, lakini alikuwa palepale ofisini). Kapteni Picard anawekwa porini na kapteni wa watu ambao hakuna anayeelewa lugha yao. Maneno yao kamusi inayajua, ila wanaongea kwa kutaja visa vya kale tu, kisa juu ya kisa. Mswahili hapo hashangai, ni kama kugombana na shangazi anayejibu kwa kanga. Picard hasemi "hawa hawana lugha, tuwape". Anakaa kwenye moto na yule mtu, anasikiliza, anakosea, anarudia, mpaka anaelewa, na yule kapteni anapokata roho Picard anamsimulia Gilgamesh kwa njia yake. Dakika arobaini na tano, waigizaji na vipodozi vya mpira usoni, na kuna heshima zaidi ya saa zote za "Daybreak". Hata Star Trek ya zamani, mwaka 1966, wakiwa na maboksi ya karatasi kama mitambo, walimpa Uhura jina kutoka neno letu uhuru, na kwenye episodi ya kwanza kabisa kurushwa kuna zimwi linalojigeuza mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Zimwi! Zimwi lilijua kwamba ukitaka kumkaribia mtu unaanza na lugha yake.

Nimeulizwa basi ningependa mwisho uweje. Sitaki mengi. Heroe wabaki, Roslin afe vilevile akiangalia uhai mwingi, Adama amzike pale juu aongee naye peke yake, sitaki kugusa hata nukta. Jarida litolewe.

Halafu niongezee kitu kimoja. Pwani ya Kenya, Kilifi, kuna pango linaitwa Panga ya Saidi. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba humo limepatikana kaburi la mtoto wa miaka kama mitatu, la miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote ya watu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Alichimbiwa shimo, akalazwa ubavu, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa kilikuwa kimelazwa juu ya kitu kama mto ambao umeshaoza. Inaonekana alifunikwa pia, kitu kimezungushwa mwilini. Watafiti wakamwita Mtoto, hivyohivyo kwa Kiswahili. Huyo hakushuka na meli yoyote. Kuna mama yake aliyemtafutia mto wa kulalia.

Hera anatembea kwenye nyasi na kifimbo chake, wazazi wapo mbele wanabishana nani atamfundisha kuwinda. Asimame. Kwenye nyasi kuna mtoto mwingine, wa huku, umri wake, naye ana kifimbo. Wanaangaliana. Yule wa huku anasema kitu, neno kamili, kwa lugha ambayo hatuijui na hatutafsiriwi. Hera anajaribu kulirudia, anakosea, mwenzake anacheka na kulisema tena polepole. Basi, kata hapo. Ni dakika moja na nusu, na mkiniambia hakukuwa na muda, mtoeni njiwa.